Kidato cha nne kimekwisha, raketi bado iko mkononi: chuo cha Marekani, mashindano ya kulipwa au ukocha?

Mtoto aliyeanza kwa kupiga mpira wa tenisi ukutani Mtwara au Lindi, akakua hadi hakuna wa kumsumbua mkoani, hufika siku ambayo mzazi hawezi tena kumjibu "tutaona". Siku hiyo huja kati ya miaka 16 na 18, mara nyingi matokeo ya kidato cha nne yakiwa yanasubiriwa. Njia zilizo mbele yake ni tatu: kutafuta nafasi ya kusoma na kucheza katika chuo cha Marekani, kuingia moja kwa moja kwenye mashindano ya kulipwa, au kuushika ukocha kama kazi huku akiendelea kucheza. Zote tatu zina waliofanikiwa nazo na waliokwama. Waliokwama wengi hawakukosa kipaji. Waliingia njia bila kujua inadai nini, na inadai lini.

Tunazipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ni fedha, na hapa kiasi ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni mwezi gani inahitajika. Kusini fedha ya familia nyingi ina msimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Ada ya mashindano haingoji mnada. La pili ni mechi: kwa mwaka kijana atacheza ngapi za ushindani wa kweli, na watu wanaomzidi kidogo. La tatu ni cheti, yaani abaki na nini mkononi goti likigoma akiwa na miaka 22. La nne ni mlango wa kurudi: akigundua amekosea, je, njia nyingine bado ziko wazi?

Saa za mazoezi hatukuzifanya kigezo, na tumefanya hivyo makusudi. Kijana anaweza kupiga mipira kwa muda wa saa nne kila siku na kocha yule yule, kwenye uwanja ule ule, na asisogee hata hatua, kwa sababu hajawahi kuwa nyuma 2–5 katika seti ya tatu mbele ya mtu asiyemjua.

Kabla ya njia panda

Njia zote tatu zina shina moja, na makosa ya kwenye shina hulipwa baadaye popote atakapokwenda.

Watoto wa miaka 5 hadi 8 hutumia mpira mwekundu, ambao huenda polepole kwa takriban asilimia 75 kuliko ule wa njano, kwenye kiwanja cha mita 11 kwa 5.5, neti ikiwa na kimo cha sentimita 80. Kiwanja cha netiboli cha shule kina mita 30.5 kwa 15.25. Ukivipanga viwanja hivi vidogo kwa upana, vinaingia vitatu bila kubanana na zinabaki mita mbili nyuma ya kila mstari. Neti nayo haina haja ya kuagizwa. Kipande cha wavu chakavu wa kuvulia, kilichoshonewa kamba ya manila juu na kukazwa kati ya nguzo mbili, kinafanya kazi ile ile. Kati ya miaka 8 na 10 mtoto huhamia mpira wa rangi ya chungwa na kiwanja cha mita 18, ambacho kinaingia kwenye kiwanja cha netiboli kwa urefu. Mpira wa kijani hufuata, kwenye uwanja kamili wa mita 23.77.

Ngazi hizi zisirukwe. Tangu 2012 kanuni za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini, na sababu yake utaiona kwa macho: mpira wa njano humrukia mtoto mfupi juu ya bega, naye hugeuza mshiko wa raketi ili aufikie. Mshiko huo humganda. Akifika miaka 15, mpira wa chini unaoteleza humshinda, na kumbadilisha mshiko wakati huo ni kazi ya miezi mingi ya kushindwa kwanza.

Vifaa kwa kifupi. Mipira ya kopo huanza kupoteza hewa tangu siku kopo linapofunguliwa, kwa hiyo iweke kwa ajili ya mechi. Kwa mazoezi ya kila siku nunua mipira isiyotegemea hewa ya ndani, inadumu zaidi. Nyuzi ngumu za poliesta hazimfai mtoto mdogo, zinamuumiza kiwiko. Na raketi isiachwe kwenye buti la gari mchana, kwa sababu joto hulegeza nyuzi.

Akitimiza miaka 13 anaruhusiwa kuingia mashindano ya vijana ya ITF, na anaweza kuyacheza hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 18. Anajisajili mtandaoni apate namba ya IPIN. Bila namba hiyo jina lake haliingii popote. Ngazi zake ni J30, J60, J100, J200, J300 na J500, na tarakimu hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa wa mchezo wa mmoja mmoja. Orodha ya viwango huchukua matokeo sita bora ya mmoja mmoja, kisha huongeza robo ya pointi za matokeo sita bora ya wawili wawili. Kijana aliyetolewa raundi ya kwanza, akaamua kutocheza wawili wawili kwa hasira, ameacha mezani sehemu ya nauli aliyolipiwa na mzazi.

Safari yenyewe ina mtego ambao watu wa pwani hawauoni. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 za barabara, Lindi ni kama 450, na Dar hadi Nairobi ni siku nyingine ya basi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na haiupunguzii mpira kasi kama hewa ya kwetu, hivyo shuti ambalo Mtwara hudondoka nusu mita ndani ya mstari, kule hutoka nje. ITF yenyewe ina aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kijana asiyelijua hili hudhani mkono wake umeharibika usiku mmoja. Anaanza kuusukuma mpira kwa woga, na anatolewa 6–1, 6–2 na mtu asiyemzidi chochote. Dawa ni kufika angalau siku mbili kabla, kukaza nyuzi kwa paundi mbili au tatu zaidi ya kawaida, kuuzungusha mpira zaidi ili uvutwe chini, na kuitumia siku ya kwanza kutafuta urefu wa shuti tu, bila kuhesabu pointi.

Pasipoti aombewe mapema, kabla hata jina halijaingia kwenye shindano lolote. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, inaombwa mtandaoni na kukamilishwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, na kinachochelewesha wengi ni cheti cha kuzaliwa.

Njia ya kwanza: chuo cha Marekani

Fedha. Ufadhili kamili hubeba ada, malazi na chakula, na timu hugharamia kocha, nyuzi, mipira na safari za mashindano ya chuo. Lakini si kila ufadhili ni kamili. Kwa miaka mingi timu ya wanaume katika daraja la kwanza la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuwa na ufadhili 4.5 wa kugawana, na ya wanawake 8. Kuanzia msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia mfumo mpya vina kikomo cha wachezaji 10 na ruhusa ya kuwafadhili wote. Ruhusa, si wajibu. Kwa hiyo swali la kumwandikia kocha ni moja, na jibu lake liwe la maandishi: baada ya ufadhili wenu, familia italipa dola ngapi kila mwaka? Chuo kikisema ufadhili ni asilimia 60, ile 40 iliyobaki inaweza kuwa kubwa kuliko mavuno ya shamba zima la mikorosho.

Zipo pia gharama za kabla ya safari: mtihani wa Kiingereza, tathmini ya vyeti, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 na ada ya maombi ya viza ya dola 185. Masharti ya Marekani kuhusu viza za wanafunzi yamekuwa yakibadilika, yakiwamo yanayowagusa Watanzania. Thibitisha ubalozini hali ya mwaka husika kabla hujalipa hata shilingi.

Mechi. Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Katika kila pambano la timu mbili kuna mechi sita za mmoja mmoja na tatu za wawili wawili, na mapambano hufululiza msimu mzima wa masika, mbali na mashindano ya binafsi ya vuli. Kijana aliyekuwa akipata mechi ngumu nne kwa mwaka anapata nne kwa mwezi, na mazoezini anazungukwa na watu tisa wanaoitaka namba yake. Mlango wa juu nao upo: tangu 2023 wanavyuo walio 20 bora hutengewa nafasi katika mashindano ya Challenger ya ATP, ngazi ya pili ya tenisi ya kulipwa ya wanaume.

Cheti. Shahada, basi. Ila inaanzia hapa nyumbani: daraja la kwanza la NCAA linataka masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 kwa kipimo chao, na hisabati imo. Aliyeitelekeza hisabati kidato cha tatu ili apate muda wa mazoezi amejifungia mlango bila mtu kumwambia.

Mlango wa kurudi. Uko wazi kuelekea mbele. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia Chuo Kikuu cha Illinois na akacheza fainali ya US Open mwaka 2017 na ya Wimbledon mwaka 2018. Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la vijana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na bado akachagua kwenda Chuo Kikuu cha Auburn. Angalizo ni saa inayokwenda. Kwa tenisi NCAA imekuwa ikitoa miezi sita baada ya kumaliza sekondari. Ukiendelea na mashindano zaidi ya hapo bila kujiunga na chuo, unaanza kupoteza misimu ya kuchezea. Uliza mapema, kwa maandishi, saa yako inahesabiwa kutoka kidato cha nne au cha sita. Na kama umewahi kupokea zawadi ya fedha, tunza risiti za kila safari, kwa kuwa kanuni hizo zimekuwa zikitofautisha zawadi na gharama halisi.

Kinachoharibika. Barua pepe 15 kwa vyuo 15 maarufu, kisha kimya. Anza na zaidi ya 50, ukichanganya madaraja yote ya NCAA pamoja na vyuo vya NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, na vile vya miaka miwili vya chama cha NJCAA. Makocha huangalia kwanza kipimo cha UTR, namba inayokadiria kiwango cha mchezaji kwa matokeo ya mechi zake, kisha video. Video iwe ya dakika tano hadi nane, simu ikiwa imefungwa juu ya uzio nyuma ya mstari wa mwisho ili uwanja mzima uonekane, na iwe na gemu mbili tatu zisizokatwa. Kocha anataka kuona unafanya nini baada ya kukosa. Wakala anayedai fedha nyingi kabla hujaongea na kocha yeyote, mwache.

Njia ya pili: mashindano ya kulipwa moja kwa moja

Fedha. Ngazi ya chini kabisa ni M15 kwa wanaume na W15 kwa wanawake. Zawadi ya shindano zima ni dola 15,000. Bingwa wa mmoja mmoja wa M15 huondoka na dola 2,160, bingwa wa W15 dola 2,352, na anayetolewa raundi ya kwanza ya M15 hupata dola 156. Hizo ni kabla ya kodi, na aliyeishia kwenye mchujo harudi na kitu. Dola 156 hazilipi hoteli ya wiki, tiketi ya ndege tusiitaje. Mchezaji wa ngazi hii analipia kazi yake mwenyewe kwa miaka kadhaa, na familia ijue hivyo tangu mwanzo. Fedha ya kweli iko juu sana: kupoteza raundi ya kwanza ya mmoja mmoja Wimbledon 2025 kulilipa pauni 66,000, lakini kati ya nafasi 128 za shindano kubwa kama lile, wanaoingia moja kwa moja kwa kiwango ni 104 tu.

Mechi. Njia hii ina kasoro ambayo kwenye karatasi haionekani: ukishindwa Jumatatu, wiki imeisha. Kijana mpya anaweza kuzunguka wiki sita akacheza mechi saba. Ndiyo maana wenye bajeti ndogo huenda sehemu zenye mashindano wiki baada ya wiki mahali pale pale, kama Monastir nchini Tunisia na Sharm El Sheikh nchini Misri. Tiketi moja, wiki tatu, mashindano matatu. Jina lipelekwe karibu wiki tatu kabla. Ukijitoa kwa kuchelewa unapigwa faini. Nafasi chache hutengwa kwa vijana walio katika 100 bora duniani, na huo ndio mstari wa kuangalia: aliye ndani ya 100 hiyo ana sababu nzito ya kuifikiria njia hii, aliye namba 900 ataanzia kwenye mchujo kila wiki.

Cheti. Hakuna, isipokuwa akisoma kwa masafa. Inawezekana, kwa kuwa muda hotelini ni mrefu, ila ratiba ya mitihani aipange yeye mwenyewe.

Mlango wa kurudi. Hufungwa polepole bila kishindo. Kila mwaka unaopita baada ya sekondari hupunguza misimu ya chuo cha Marekani. Ukocha unabaki wazi daima, na pointi za kimataifa humwongezea kocha heshima.

Faida yake ipo, na ni kubwa kwa anayefaa. Ratiba ni yake peke yake. Ons Jabeur wa Tunisia alitwaa taji la vijana la French Open mwaka 2011, hakupitia chuo cha Marekani, na mwaka 2022 alicheza fainali za Wimbledon na US Open na kufika namba mbili duniani. Tazama miaka hiyo: kutoka taji la vijana hadi fainali ya kwanza kubwa ni 11, na huyo alianza akiwa bingwa.

Njia ya tatu: ukocha, na kucheza ukiwa nyumbani

Wengi huiona hii kama njia ya walioshindwa. Hatukubaliani nao. Kusini inahitaji makocha kabla ya kuhitaji mabingwa, na kijana wa miaka 18 anayeweza kupanga watoto 20 kwenye kiwanja cha netiboli ana kazi leo.

Fedha. Ndiyo njia rahisi zaidi kuianza. Kozi za mwanzo za ITF za makocha huendeshwa kupitia vyama vya taifa, hivyo mlango wa kubisha ni Chama cha Tenisi Tanzania, TTA. Huko huko ndiko misaada ya vifaa kwa mpango wa ITF wa tenisi ya watoto hupitia. Kipato huwa cha vipande: shule inayolipa kwa muhula, mzazi anayelipa kwa saa, mgeni anayetaka mtu wa kupiga naye. Mkoani wateja ni wachache, na wengi huishia Dar, Arusha au kwenye hoteli za Zanzibar. Mvua za Desemba hadi Aprili hukata kipato cha kiwanja kisicho na saruji, kwa hiyo akiba ya miezi hiyo iwekwe mapema.

Mechi. Hapa ndipo pigo. Mtu anayewarushia watoto mipira kutwa hupoteza makali yake bila kuhisi, miguu ikitangulia. Anayetaka kubaki mchezaji ajitengee asubuhi, saa 12 hadi saa 2, kabla jua halijakolea, na asikose mashindano ya taifa.

Cheti anacho, na hupanda ngazi kwa ngazi. Mlango wa kurudi kwenye chuo cha Marekani hujifunga kwa saa ile ile ya NCAA, lakini vyuo vya hapa nchini havina saa hiyo: ualimu wa michezo na ukocha vinakwenda pamoja vizuri sana.

Kwa hali yako

Kama binti au kijana wako yuko katika viwango vya dunia vya vijana lakini nje ya 100 bora, na matokeo yake ya shule ni mazuri, chuo cha Marekani kinampa mechi nyingi kwa fedha ndogo ya familia. Anza kuandika kwa makocha miezi 18 kabla ya kumaliza.

Kama yuko ndani ya 100, na kuna mfadhili aliyeandika kwa mkataba kwamba atalipa miaka mitatu, mashindano ya kulipwa ni uamuzi wa haki. Andikeni pia kipimo cha kusimama, kwa mfano kiwango anachotakiwa kufikia baada ya miezi 24, na mkiandike akiwa ametulia, si siku aliyoshindwa. Bila mfadhili, msiuze shamba kwa ajili ya M15.

Kama hana pointi yoyote ya kimataifa kwa sababu hamkuweza nauli, hiyo haimaanishi hana kiwango. Lipieni safari mbili za Nairobi au Dar katika msimu mmoja, ikiwezekana baada ya malipo ya korosho, kwa kuwa mashindano ya vijana ya Nairobi mara nyingi hupangwa Januari. Mechi nane kule zitawajibu kuliko mabishano ya mwaka mzima sebuleni.

Kama anapenda watoto, anaeleza kitu kikaeleweka, na mwili wake umeshaanza kumuuma akiwa na miaka 17, ukocha usiwe mpango wa akiba. Mpelekeni kozi ya kwanza sasa.

Na kama bado ana miaka 13 au 14, hakuna cha kuchagua mwaka huu. Mtafutieni pasipoti na namba ya IPIN, msimwache aikwepe hisabati, na mtafutieni mwenzake wa kucheza naye wawili wawili.